Kizuri Chajiuza

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumeizoea, na aghalabu tunaitumia sokoni au katika mazungumzo ya uchumba. Lakini yapo mambo mabaya ambayo tangu zamani yamekuwa yakiuzwa kwa sura nzuri, na mojawapo ni vita. Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, ni hili: mtu akilichora jambo baya kwa uzuri mkubwa, je, amelieleza jambo hilo, au amelisaidia kutembea? Na sisi tunaoitazama picha yake na kuburudika, tunashiriki nini?

Sipendi kulijadili swali hili hewani. Nitalifunga kwenye mfano mmoja, nao ni picha za vita ambazo Wajapani walizichapa kwa vibao vya mbao mwaka 1894 na 1895 walipopigana na China, na tena mwaka 1904 na 1905 walipopigana na Urusi. Nimechagua mfano wa mbali kwa makusudi. Mambo ya kwetu hutuuma, na mtu anayeumwa hana utulivu wa kupima. Ya wenzetu tunaweza kuyaweka mezani, tukayageuza huku na huku, kisha tukarudi nyumbani tukiwa na kipimo mkononi.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi nyepesi. Mchongaji akaibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri, akachonga na kuiacha mistari ikisimama. Baadaye vilichongwa vibao vingine, kwa kawaida kila rangi na kibao chake. Mchapaji alipaka rangi ya maji juu ya kibao, akalaza karatasi iliyotiwa unyevu, akaisugua mgongoni kwa kisuguo cha duara kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Juu ya wote hao alikuwapo mchapishaji, aliyetoa mtaji na kuamua kitu gani kitanunuliwa. Kwa hiyo picha tunayoiita ya fulani ilikuwa kazi ya watu wanne au zaidi, na ilikuwa bidhaa ya dukani tangu siku ya kwanza. Hapo zamani iliuza sura za waigizaji na warembo wa mjini, na mandhari ya milima na njia kuu.

Kufikia miaka ya 1890 biashara hiyo ilikuwa imezorota. Picha za kamera zilikuwa zimeingia, magazeti yalikuwa yanasambaa, na mitambo mipya ya kuchapa ilikuwa haihitaji mchongaji. Ndipo, mwishoni mwa Julai 1894, Japani na China zilipoanza kupigana kwa sababu ya Korea. Tarehe 15 Septemba Wajapani walishinda mapigano ya Pyongyang, na siku mbili baadaye wakazishinda manowari za China karibu na mdomo wa mto Yalu. Watu wa Tokyo walijazana mbele ya maduka ya picha. Inakadiriwa kwamba picha za namna 3,000 hivi zilitolewa katika vita hivyo, ambavyo havikutimiza hata mwaka mmoja, maana mkataba wa Shimonoseki ulitiwa saini tarehe 17 Aprili 1895. Nyingi zilikuwa za karatasi tatu zilizounganishwa ubavu kwa ubavu, ili macho yapate uwanja mpana wa kutembea.

Wachoraji karibu wote hawakuiona vita yenyewe. Walikaa Tokyo, wakasoma telegramu zilizochapishwa magazetini, wakachora kwa haraka kabla habari haijapoa. Serikali nayo ilikuwa na jicho lake: picha haikutoka bila ya kufuata sheria, na pembeni mwake utakuta tarehe, jina la mchoraji, na jina na anwani ya mchapishaji. Mwandishi wa habari leo angesema kwamba huo ni ushahidi wa kusikia, si wa kuona. Hata hivyo watu walizipokea kama dirisha.

Basi hebu tuzitazame. Siku hizi si lazima mtu awe tajiri wa kusafiri ili azione, kwa kuwa makumbusho makubwa, mathalani lile la sanaa la mjini Boston, Marekani, yameziweka katika intaneti. Mjukuu wangu alinifungulia kwenye kompyuta yake, nami nikakaa nazo siku nyingi.

Mchoraji aliyenishika zaidi ni Kobayashi Kiyochika, aliyezaliwa mwaka 1847 na kufariki mwaka 1915. Kabla ya vita alikuwa ameipiga picha Tokyo kwa jinsi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya: taa za gesi katika mvua, mwezi juu ya mto, moto ukiunguza mtaa usiku. Alikuwa fundi wa mwanga. Vita vilipokuja alikwenda navyo na ufundi huohuo. Askari wake wanapita katika theluji ya Manchuria wakiwa vivuli vyeusi. Moto wa kambi unaangaza nusu ya uso na kuiacha nusu gizani. Taa kubwa ya manowari inapasua usiku, na maji yanang'aa chini yake. Nakiri bila kuona haya kwamba picha hizo ni nzuri. Yeyote atakayeniambia kwamba ni mbaya kwa sababu ni za vita, nitamwomba arudi akatazame tena. Tusijifanye hatuoni tunachokiona, maana hoja inayoanza kwa kujidanganya haitufikishi popote.

Lakini mwalimu amezoea kuuliza swali la pili. Baada ya kuuliza ni nini kilichomo katika picha, huuliza ni nini kisichokuwamo.

Katika vita hivyo vya 1894 na 1895 wanajeshi wa Japani waliouawa kwa silaha hawakufika 2,000. Waliokufa kwa maradhi walizidi 10,000. Waliuawa na kipindupindu, kuhara damu, homa ya matumbo, na beriberi iliyotokana na kula wali mweupe bila chakula kingine cha kutosha. Hiyo ndiyo sura halisi ya kifo cha askari wa Kijapani katika vita vile: kijana aliyelala chali, miguu imevimba, mbali na kwao, hana adui wa kumwelekezea singe. Katika duka la picha kijana huyo hakuwapo. Aliyeuzwa ni yule mmoja aliyeanguka mbele ya ngome huku bendera ikipepea, na wale waliokufa vitandani wakamezwa na rangi nyekundu ya bendera hiyo.

Hakuwapo pia raia wa Port Arthur. Wajapani waliiteka bandari hiyo tarehe 21 Novemba 1894, na katika siku zilizofuata waliwaua wakazi wa mji wasiokuwa na silaha. Mwandishi wa Kimarekani James Creelman alikuwapo, akaandika katika gazeti la New York World, na dunia ikasoma. Picha za mbao nazo zilitoka kwa wingi kusherehekea kutekwa kwa mji. Ndani yake kuna mizinga, moshi, maafisa juu ya farasi, na askari wakipanda kilima. Mji wenyewe, wenye watu wake na milango yao iliyovunjwa, uko kule nyuma, mdogo kama vichuguu.

Tuje sasa kwa adui alivyochorwa. Askari wa Japani amevaa sare nyeusi ya mtindo wa Ulaya. Amesimama wima, uso wake umetulia, na mara nyingine masharubu yake yanamfanya afanane na Mzungu. Mchina amevaa nguo pana za rangi kali za manjano, bluu na nyekundu. Anakimbia, anaanguka, kinywa kiko wazi, na msuko mrefu wa nywele unapeperuka nyuma yake kama mkia. Hapa inafaa tukumbuke huyo Mchina alikuwa nani kwa Mjapani. Alikuwa jirani ambaye Wajapani walijifunza kwake herufi za kuandikia. Vitabu vya Confucius ndivyo vilivyowafundisha adabu ya mtoto kwa mzazi na ya mtumishi kwa bwana. Kwa mamia ya miaka msomi wa Kijapani asiyejua maandishi ya Kichina hakuhesabiwa kuwa msomi. Katika miezi michache ya mwaka 1894 mwalimu huyo wa zamani aligeuzwa kichekesho. Kiyochika yuleyule, fundi wa mwanga na theluji, alichora katika miezi hiyohiyo mfululizo wa vikaragosi vya kuwacheka Wachina kila waliposhindwa. Mkono ulikuwa mmoja, na mnunuzi alikuwa mmoja. Asubuhi aliuziwa fahari, jioni akauziwa dharau.

Nisiwe mwonevu. Kulikuwa na picha nyingine za namna tofauti. Amiri Ding Ruchang, aliyeongoza manowari za China, alijiua kwa sumu Februari 1895 baada ya kushindwa Weihaiwei. Amiri wa Kijapani, Itō Sukeyuki, aliruhusu meli moja ya Kichina ichukue jeneza lake kwa heshima. Wachoraji wa Tokyo nao walimchora Ding akiwa mtu mzima mwenye huzuni na utu, si kikaragosi. Hiyo yaonyesha kwamba uwezo wa kumwona adui kuwa binadamu ulikuwapo, na soko halikuukataa. Lakini angalia: heshima ilipewa kwa amiri aliyekwisha kufa. Askari wa kawaida wa Kichina, mtoto wa mkulima aliyepewa bunduki na kupelekwa Korea, hakuipata akiwa hai wala akiwa maiti.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi kwa sababu ya kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, yaani kuwafundisha watakaokuwa walimu. Tarehe 29 Julai 1894, katika mapigano ya Seonghwan huko Korea, mpiga tarumbeta mmoja wa Kijapani alipigwa risasi. Ikasemekana kwamba hakuiacha tarumbeta yake, na kwamba alikutwa amekufa huku bado iko mdomoni. Magazeti yalimtaja kwa jina la Shirakami Genjirō. Wachoraji wakamchora, nyimbo zikatungwa. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba hakuwa Shirakami, ila mwenzake aitwaye Kiguchi Kohei. Basi jina likabadilishwa na hadithi ikabaki ilivyo. Likaingia katika kitabu cha maadili cha shule za msingi, na kwa miongo kadhaa, hadi Japani iliposhindwa mwaka 1945, watoto wa Kijapani walisoma kwamba Kiguchi Kohei alikufa bila ya kuiondoa tarumbeta mdomoni.

Mimi nayajua madarasa. Najua mtoto wa miaka saba au minane anavyolichukua sentensi fupi aliyopewa na mwalimu: anaimeza nzima, kama ugali usiotafunwa, nayo inakaa. Katika shule ile hakuna mtoto aliyeuliza jinsi ilivyowezekana jina likosewe na tukio lisikosewe. Hakuna aliyeuliza kama mama yake Shirakami alipata kitu kingine badala ya sifa iliyonyang'anywa. Hayo si maswali ya mtoto, ni maswali ya mwalimu, na mwalimu ndiye aliyepaswa kumwuliza mkubwa wake. Picha ya dukani ilikuwa imekwisha kumjibu kabla hajauliza. Alikuwa ameiona tarumbeta ile kwa macho yake, au hivyo ndivyo alivyodhani.

Mwandishi mashuhuri Tanizaki Jun'ichirō alizaliwa Tokyo mwaka 1886. Uzeeni aliandika kumbukumbu za utoto wake, na humo anaeleza jinsi alivyokuwa akisimama karibu kila siku mbele ya duka la picha wakati wa vita vya China, akizitamani zile karatasi tatu tatu. Mtoto huyo wa miaka minane hakuwa na chuki na Mchina yeyote. Alipenda rangi. Kwa mtoto, mlango wa kuingilia ni huo: hupenda rangi kwanza, na mambo mengine huingia nyuma yake kimyakimya, kama mgeni anayefuata mwenyeji mlangoni.

Ziko hoja za kumtetea mchoraji, na haki inadai tuzisikilize.

Ya kwanza ni ya tumbo. Watasema kwamba mchoraji, mchongaji na mchapaji walikuwa na watoto, biashara ilikuwa inakufa, na vita viliwapa ugali wao wa miaka miwili. Hoja hii naiheshimu. Aliyekula akashiba asimhukumu mwenye njaa kwa haraka. Lakini njaa inaeleza kwa nini mtu alichora vita. Haielezi kwa nini alimchora Mchina na mkia. Picha za mwanga na theluji ziliuzika. Picha ya Ding iliuzika. Ilikuwapo riziki isiyohitaji dharau.

Ya pili ni ya ujinga: hakuwako, hakujua. Ni kweli, hakujua ya Port Arthur siku alipochora. Ila mtu asiyejua ana njia mbili. Aweza kuchora huku akionyesha kwamba hakuwako, au aweza kuchora kana kwamba alisimama palepale. Wao walichagua ya pili, wakaandika juu ya picha majina ya maafisa na mahali, ili mnunuzi asiwe na shaka. Kutojua si kosa. Kujaza pengo la kutojua kwa uhakika wa kubuni, katika jambo la watu kuuawa, hilo ni jambo jingine.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: kila mtu alikuwa hivyo, na huwezi kumdai mtu macho ambayo zama zake hazikumpa. Hapa ndipo historia ya Japani yenyewe inapotusaidia. Uchimura Kanzō, Mkristo na mwalimu, aliandika mwaka 1894 kwamba vita vya nchi yake dhidi ya China ni vita vya haki. Vilipokwisha, akaona nchi yake imechukua nini, akaona aibu. Mwaka 1903, Japani ilipokuwa inaelekea kupigana na Urusi, alisimama hadharani kuvipinga vita vyote, na gazeti alilokuwa akiliandikia, Yorozu Chōhō, lilipogeuka kuunga mkono vita, yeye na wenzake Kōtoku Shūsui na Sakai Toshihiko wakaacha kazi. Mwaka 1904 mshairi mwanamke Yosano Akiko alichapisha shairi la kumsihi mdogo wake aliyekwenda vitani asife, na wako waliomwita msaliti. Hao hawakutoka katika zama nyingine. Walinunua mchele katika masoko yaleyale na kupita mbele ya maduka yaleyale. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba macho hayakuwapo. Yalikuwapo, ila yalikuwa na gharama.

Baada ya kuzipima hoja hizo, nimefika hapa. Kosa la picha zile halikuwa katika uzuri wake. Theluji ya Manchuria ilikuwa nzuri kweli, na moto wa kambi gizani ni mzuri hata kama wanaouota wataua kesho. Mchoraji aliyeyaona hayo hakudanganya. Uongo uliingia pale uzuri ulipogawiwa kwa upendeleo. Mmoja alipewa mwanga, umbo na jina. Mwingine akanyimwa vyote, akaachiwa rangi za kelele na mgongo unaokimbia. Mgonjwa wa beriberi alinyimwa hata karatasi. Uzuri unapogawiwa hivyo huwa ni hukumu, na hukumu hiyo haipitii mahakama yoyote. Inapita machoni moja kwa moja na kukaa moyoni, nasi tunaamini kwamba tumeiona wenyewe.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wale wanaosema kwamba sanaa ni sanaa na maadili ni maadili, kila mtu akae kwake. Anayechora uso wa mtu ametoa kauli juu ya mtu huyo, atake asitake. Wala sikubaliani na wale wa upande wa pili wanaosema picha hizo zifungiwe. Ubishi huu si wa kitabuni tu. Aprili 2006 chuo kikuu cha teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho kama MIT, kiliweka kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti yake tangazo la mradi wa historia wa maprofesa John Dower na Shigeru Miyagawa. Mradi huo ulizichambua picha hizi na kuonyesha jinsi zilivyojenga kiburi cha taifa. Miongoni mwa zilizoonekana ilikuwapo moja ya Utagawa Kokunimasa ya mwaka 1894, inayoonyesha wafungwa wa Kichina wakikatwa vichwa. Wanafunzi wa Kichina waliumia na kulalamika kwa nguvu, na kurasa za mradi zikaondolewa kwa muda kabla ya kurudishwa zikiwa na maelezo zaidi.

Nani alikuwa na haki? Maprofesa walikuwa wameandika maelezo ya kulaani yale yaliyochorwa, hawakuwa wanayasifu. Lakini wanafunzi nao hawakukutana na maelezo kwanza, walikutana na picha. Na hilo tumekwisha kuliona kwa yule mtoto wa mbele ya duka: picha hufika mapema kuliko maneno. Mtu anayetazama shingo ya babu yake ikikatwa, kwa rangi safi, katika ukurasa wa mbele wa chuo anachosoma, hana wajibu wa kusubiri aya ya tatu ndipo aumie. Kwa upande wa pili, kama picha ile ingeondolewa daima, wa kwanza kufaidika angekuwa yule anayependa kusema kwamba mambo hayo hayakuwapo. Mficha uchi hazai, na taifa linaloficha picha zake za aibu halijifunzi kitu.

Kama ningekuwa na darasa leo, ningezionyesha. Ila ningezionyesha kwa utaratibu. Ningeanza kwa maneno, niseme ni nani aliyepigana, wangapi walikufa, na walikufa kwa nini. Ningemkumbusha kila mwanafunzi kwamba huenda katika chumba yumo mtu wa upande wa waliochekwa. Halafu ningeleta picha nzuri kuliko zote, ile ya theluji, niwaache waipende kwa muda wa kutosha, bila kuwakaripia. Mwisho ningewapa kalamu na kuwaambia waandike orodha ya watu waliokuwapo siku ile na ambao mchoraji hakuwachora. Naamini orodha hiyo ingewafundisha zaidi kuliko mahubiri yangu.

Utaniuliza, ndugu msomaji, ya Wajapani yanatuhusu nini sisi. Yanatuhusu kuliko tunavyodhani. Manowari za Urusi zilizokwenda kuangamizwa Tsushima tarehe 27 na 28 Mei 1905 zilikuwa zimetia nanga kwa wiki nyingi Nosy Be, Madagaska, katika bahari hii yetu. Na mwaka 1944 vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, askari wa Keya katika divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliteremka bonde la Kabaw huko Burma kupigana na Wajapani. Waliokuwa mbele yao walikuwa watoto na wajukuu wa wale waliosimama mbele ya maduka ya picha, waliokaririshwa shuleni habari za mpiga tarumbeta. Tulipokuwa watoto, katika miaka ya 1950, wazee waliorudi kutoka Burma walitusimulia habari zake. Hawakuzungumza juu ya bendera. Walizungumza juu ya mvua, matope, ruba, na malaria iliyowaangusha wenzao kabla hawajamwona Mjapani. Sisi watoto tulitaka kusikia habari za bunduki, na wao walirudi kila mara kwenye matope.

Sasa naelewa kwamba wazee wale walikuwa wanatupa sehemu ya picha ambayo haichapwi. Na kwetu pia zipo picha zinazochapwa: mashujaa kwenye kuta za madarasa, kwenye noti, kwenye vitabu vya somo la historia. Sisemi zishushwe, kwa kuwa taifa lisilo na shujaa ni kama nyumba isiyo na mkubwa. Nasema kila mzazi na kila mwalimu anayesimama chini ya picha hizo na mtoto amfundishe mtoto kutafuta pembezoni mwake. Amwulize nani hakuchorwa, nani alichorwa akikimbia, na nani aliyelipa karatasi. Mtoto akiweza kuuliza hayo huku bado akiipenda picha, hatakuwa amepoteza nchi yake wala macho yake.

Na akiwapo mzee karibu aliyekuwako siku ile, mtoto huyo amsikilize mpaka mwisho, hata kama mzee anarudia matope.